Watu kama Miti



Injili ya leo yatoka kwa Mtakatifu Marko, sura ya 8, nayo yahusu kipofu wa Betsaida. Ni habari fupi, ya mistari mitano tu, na sisi wahubiri aghalabu tunaipita kwa haraka kwa sababu inatutatiza. Mahali pengine Bwana wetu hutamka neno moja na mgonjwa akapona. Huyu aliguswa mara mbili. Kwanza Yesu alimshika mkono akamtoa nje ya kijiji, akamwekea mikono, akamwuliza kama anaona kitu. Yule mtu hakujifanya. Alijibu kwamba anaona watu, ila kwake walionekana kama miti, miti inayotembea. Ndipo akaguswa tena, akaona sawasawa.

Ninyi mnaoishi katika bonde la Kilombero mnalielewa jibu hilo kuliko wafafanuzi wengi wa Maandiko. Simama mwezi wa Oktoba, saa saba mchana, pembeni mwa mbuga kuelekea mtoni, wakati nyasi zimekauka na joto linapanda kutoka ardhini kama mvuke wa sufuria. Mtu ajaye kutoka mbali huonekana mweusi, mrefu, hana uso. Huwezi kusema ni mwanamume au mwanamke, ni jirani yako au ni mgeni. Unajua tu kwamba kuna kitu kinasogea. Mimi nilizaliwa humu, mtoto wa wakulima wa mpunga, na nimewaona watu wa namna hiyo maisha yangu yote.

Leo napenda kuwasimulia jinsi nilivyoguswa mara ya pili. Mahali penyewe huenda pakawashangaza, kwa maana hapakuwa kanisani wala katika mafungo. Palikuwa kwenye sinema.

Mwaka 2017, mwezi wa Julai, mwenzangu mmoja anayeshughulikia mawasiliano ya Kanisa alinialika tufuatane naye kwenda Unguja, kwenye Tamasha la Filamu la Kimataifa la Zanzibar. Tamasha hilo lilianzishwa mwaka 1997, na wenyewe huliita pia Tamasha la Nchi za Jahazi, kwa kuwa liliwalenga hasa watu wa pwani zote zilizounganishwa na jahazi, tangu Afrika Mashariki na Uarabuni hadi Bara Hindi na visiwa vyake. Mwaka ule lilikuwa linafanyika kwa mara ya 20.

Nawaambia kweli, sikutaka kwenda. Neno sinema kwangu lilikuwa na maana moja tu: vile vibanda vya video tunavyovijua hapa Ifakara, madirisha yamezibwa kwa magunia, kipaza sauti nje, watu wanapigana mateke tangu mwanzo wa picha hadi mwisho wake, na watoto wetu wamo ndani wakati wenzao wako darasani. Nimewahi kuhubiri dhidi ya vibanda hivyo, na wengine wenu mlikuwapo. Sikukosea katika yote niliyosema. Ila nilikuwa sijawahi kuingia ndani hata mara moja.

Mwenzangu akanikumbusha mambo niliyoyasoma seminarini kwa ajili ya mitihani nikayasahau. Papa Pio wa Kumi na Moja aliandika waraka mzima juu ya sinema mwaka 1936. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati juu ya vyombo vya mawasiliano tarehe 4 Desemba 1963. Mwaka 1995, sinema ilipotimiza miaka mia moja tangu kuzaliwa kwake huko Paris, Papa Yohane Paulo wa Pili aliifanya sinema kuwa mada ya Siku ya Mawasiliano Ulimwenguni. Tena akaniambia kwamba SIGNIS, chama cha Wakatoliki wa mawasiliano, kimewahi kuweka majaji wake kwenye tamasha hilo hilo la Zanzibar na kutoa tuzo. Nikakosa la kujibu, nikafunga begi.

Safari haina mengi ya kusimulia: vumbi mpaka Kidatu, lami mpaka Dar es Salaam, na boti ambayo sitaki kuizungumzia zaidi, kwa maana tumbo langu ni la mtu wa mtumbwi wa mtoni, siyo la bahari.

Sinema kubwa za tamasha huonyeshwa Ngome Kongwe, pale Mji Mkongwe, mkabala na bustani ya Forodhani. Ni ngome ya mawe isiyo na paa. Ndani yake mna ngazi za kukalia zilizopangwa nusu duara, na kitambaa cheupe kikubwa mbele. Ukikaa unaona nyota, na upepo wa kusi unakupitia. Nilifika mapema, nimevaa kola yangu ya kipadre, nikasimama kama mtu aliyepotea njia. Kulikuwa na akina mama wa mjini na mabuibui yao, vijana wenye kamera, wageni wa Ulaya, watoto waliopanda ukutani. Mzee mmoja mwenye kofia ya viua akanitazama, akasogea kidogo.

"Karibu Padre, kaa kitako."

Nikamwamkia shikamoo, nikakaa. Akaniuliza nimetoka wapi. Nilipotaja Ifakara akafurahi, akasema mchele wa kwetu anaujua. Halafu akanyoosha kidole kwenye ukuta na kuniambia nisijione mgeni, kwa maana kabla ya ngome hii kujengwa hapa palikuwa na kanisa la Wareno. Nikadhani ananitania. Lakini ndivyo ilivyo katika historia: Waarabu wa Oman walipowafukuza Wareno, mwishoni mwa karne ya 17, walijenga ngome mahali pale penye kanisa, na mabaki yake yamo ukutani. Kwa hiyo padre na mzee Mwislamu walikaa ngazi moja, juu ya mawe yaliyokwisha kusikia sala za wote wawili, wakingoja giza liingie ili picha ianze. Wakati tukingoja, adhana ikasikika. Yeye akaenda kuswali, akaniachia mimi nimlindie nafasi.

Huenda mnajiuliza, filamu za tamasha kama hilo ni za namna gani? Nyingi ni filamu huru, maana yake hazikutengenezwa na kampuni kubwa inayopima kwanza ni tiketi ngapi zitauzwa. Mtu ana hadithi inayomsumbua moyoni. Anakusanya fedha kidogo kidogo, huku ruzuku, huku mkopo, huku marafiki wanaofanya kazi bila mshahara, na miaka inapita kabla ya kazi kukamilika. Ikikamilika haina jumba la kuonyeshwa. Kwa ajili hiyo watu wakaanzisha matamasha: Carthage kule Tunisia mwaka 1966, Ouagadougou mwaka 1969, na hili letu la Zanzibar baadaye sana. Na siyo ya watu wa mjini tu, kwani tamasha hili limekuwa likipeleka filamu hata katika vijiji vya Unguja na Pemba.

Zamani haikuwa hivyo. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, kulikuwa na mradi wa filamu chini ya Baraza la Kimataifa la Misioni, la ndugu zetu Waprotestanti. Walitengeneza filamu za kuwafundisha Waafrika kilimo bora, usafi na kuweka akiba, na lori likazizungusha Tanganyika na nchi za jirani. Waafrika walionekana ndani ya picha zile, naam, lakini hadithi ilikuwa imekwisha kuandikwa na mwingine aliyejua tayari wanachopaswa kujifunza. Sisi tulionyeshwa, hatukuulizwa. Nami nilipolitafakari jambo hilo nilijisikia vibaya, kwa sababu nilizitambua semina zangu nyingi za parokia ndani ya lori lile.

Basi giza likaingia, na filamu ya ufunguzi ikaanza. Iliitwa T-Junction, ya mwongozaji Mtanzania Amil Shivji, yule ambaye baadaye alitengeneza Vuta N'kuvute kutokana na riwaya ya Adam Shafi. Watu ndani yake wanasema Kiswahili, Kiswahili cha Dar es Salaam tunachokisikia kila siku. Msichana aitwaye Fatima amefiwa na baba yake, baba ambaye hakuwa karibu naye. Anakwenda hospitali, na huko anakutana na mwanamke kijana aitwaye Maria. Maria anaanza kumsimulia habari za watu wa njia panda moja, wachuuzi na maskini waliokuwa wamefanya kijiji chao pale barabarani, jinsi walivyopendana, na jinsi mahali pao palivyovunjwa.

Ni hayo tu. Hakuna mtu aliyeruka juu ya paa. Kwa sehemu kubwa ni mtu mmoja anasimulia na mwingine anasikiliza. Mwanzoni nilichoka. Nilitazama saa. Mimi nimezoea kusikiliza maungamo ya watu mia moja kabla ya Pasaka, na sikio langu limejifunza kumaliza sentensi ya mtu kabla yeye hajaimaliza. Nilitaka kumwambia yule Maria: sawa, nimeelewa, mmevunjiwa, poleni, endelea. Lakini filamu haina namna ya kuharakishwa. Huwezi kuikatiza, huwezi kuibariki ukaondoka. Kwa zaidi ya saa moja na nusu nililazimika kukaa pale gizani na kuutazama uso wa mtu ukubwa wa nyumba, uso ambao ukikutana nao sokoni hungeutazama hata kwa nukta tatu. Na mahali fulani katikati, sijui ni wapi, nikaacha kutazama saa.

Taa zilipowaka, yule mzee alikuwa anafuta macho kwa ncha ya kanzu yake. Akakaa kimya kidogo, halafu akaniuliza, kama mtu anayeuliza bei ya mchele:

"Na huko kwenu, Padre, hakuna watu waliovunjiwa?"

Nikajibu upesi kwamba kwetu ni kijijini, hakuna wachuuzi wa njia panda. Akaitikia kwa kichwa. Tukaagana. Lakini sikulala usiku ule. Kesho yake asubuhi niliadhimisha Misa katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, lile ambalo Wazanzibari huliita Minara Miwili, na nilipofika mahali pa kuwaombea marehemu nikakwama, kwa maana nilikuwa nimekumbuka.

Mnakumbuka mwishoni mwa mwaka 2012. Bonde letu lilikuwa limeingizwa tangu mwaka 2002 katika orodha ya ardhi oevu za umuhimu wa kimataifa, na ikatolewa amri kwamba wafugaji na mifugo yao waondolewe. Sisimami hapa kuihukumu amri ile. Mashamba yetu yalikuwa yakiliwa, ugomvi ulikuwapo, na wapo wakulima wanaonisikiliza sasa ambao walilala na njaa kwa sababu ya ng'ombe wa mwenzao. Nasema tu kile nilichokiona. Nilikuwa katika parokia moja kando ya mto, nimesimama barazani, na wale watu walikuwa wakipita katika vumbi na ng'ombe wao na vyombo vyao. Kwangu walikuwa miti inayotembea.

Mwanamke mmoja wa Kisukuma akatoka katika msafara, akaja barazani akaomba maji. Nikampa. Akanywa, hakuondoka. Akasema, "Padre, nina neno." Nami nikamwambia, "Mama, nina semina ya makatekista, wananingoja." Ilikuwa kweli. Semina ile ilihusu upendo kwa jirani. Nilipotoka hakuwapo.

Tena siyo hilo peke yake. Mwezi wa Mei mwaka huo huo wa 2017, wiki chache kabla ya safari ya Unguja, nilikuwa nikipita wodini kuwapa wagonjwa sakramenti. Mama mmoja aliyekuwa ameketi na mtoto kitandani akaniambia, "Padre, mimi nilikunywa maji kwako." Nikamjibu, "Vizuri mama, Mungu akubariki," nikaenda kitanda cha pili. Sikumtambua. Nilimtambua Zanzibar, mbele ya altare, majuma mengi baadaye na umbali wa bahari katikati yetu. Fatima, msichana wa filamu, alikuwa amefanya hospitalini kitu ambacho mimi mwenye mafuta matakatifu mkononi sikukifanya.

Ninyi makatekista mniwie radhi ikiwa nasema nanyi kwa ukali kidogo. Tunafundishwa kusema. Tunapewa vitabu vya kusemea. Tukifika kwenye jumuiya ndogo ndogo tunasoma Injili, tunaieleza, tunachukua majina ya wasiotoa zaka, tunafunga kwa sala. Ni lini mara ya mwisho mtu wa jumuiya yako alisimulia habari yake mpaka mwisho, nawe hukumwelekeza, hukumpa fungu la Maandiko katikati, hukutazama jua? Sisemi muende Zanzibar. Nauli ni kubwa, na boti nimekwisha kuieleza. Nasema nilichokiona pale: watu wengi wasiofahamiana, wa dini mbalimbali, walikaa kwenye mawe usiku wakanyamaza ili habari ya maskini wasimuliwe yote. Nilijiuliza kama kanisani kwangu maskini hupata nafasi kama hiyo.

Niliporudi Ifakara nilikwenda moja kwa moja wodini na begi langu. Kitanda kilikuwa na mtu mwingine. Ilichukua hadi Septemba kumpata. Katekista mmoja, ambaye ana subira kuliko mimi, aliuliza mnadani, akauliza kwenye stesheni za TAZARA, mpaka akaambiwa kuna familia upande wa Mlimba, wana ng'ombe wachache na shamba. Tukaenda. Mtoto alikuwa amepona, anachunga mbuzi. Mama akatukaribisha, hakuonyesha kushangaa.

Nikamwambia nimekuja kusikia lile neno.

"Ulikuwa na haraka," akasema. Hakulisema kwa hasira. Alilisema kama mtu anayetaja hali ya hewa ya mwaka fulani.

Kisha akanieleza. Miezi michache kabla ya kuondolewa, walimzika mtoto wao wa kike kule bondeni, karibu na boma lao, wakaweka mawe matatu. Siku ile barazani alitaka kuniomba kitu kimoja: kwa kuwa mimi nabaki, niwe napita kulitazama kaburi lisije likalimwa. Na pale wodini alitaka kuniuliza kama bado lipo.

Sikuwa na jibu la kumpa. Nikamwomba twende wote.

Tulikwenda juma lililofuata, yeye, mumewe, katekista na mimi. Boma halikuwapo tena. Pote palikuwa shamba la mpunga lililokwisha kuvunwa, mabua matupu mpaka upeo wa macho. Nikaona miguu ya yule mama inapungua mwendo. Mwenye shamba alituona kwa mbali, akaja na jembe begani, mkulima wa kwetu, mtu wa makamo. Nikaogopa kidogo, kwa sababu nilijua mume wa yule mama ni nani machoni pake, na yeye ni nani machoni pa huyo mume. Nikaanza kutafuta maneno. Katekista akanigusa kiwiko, nikanyamaza.

Yule mama akasema mwenyewe alichokijia.

Mkulima akamtazama. Akaweka jembe chini, akatuongoza katikati ya shamba. Palikuwa na kipande kidogo, ukubwa wa mkeka, ambacho hakikulimwa. Majani yake yalikuwa yamefyekwa kwa mkono, na mawe matatu yalionekana.

"Trekta likifika hapa namwambia dereva azunguke," akasema. "Msimu wa nne huu. Sikujua ni nani. Nilijua tu kuna mtu."

Mama akakaa chini penye mabua. Mumewe akakaa. Mkulima naye, baada ya kusita kidogo, akakaa, na sisi wawili tukafuata, kitako juu ya ardhi, katika jua la saa sita. Hapakuwa na aliyesali kwa sauti. Ndipo yule mama akaanza kusimulia, akaanza na jina la mtoto.